Barua Iliyotiwa Saini London

Nyinyi wasikilizaji wetu wa Kojani, huku Pemba, huenda dago na mashua zenu mkakaa ugenini miezi, mkavua, mkauza na mkarudi, wala hakuna gazeti hata moja liandikalo kwamba mmesafiri. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya safari ambazo huandikwa, nazo ni safari za wakubwa wa dola waendapo ng'ambo kwa kazi ya serikali.

Katika mabaraza yetu ya kahawa, kila inapotangazwa kwamba kiongozi ameondoka, huzuka mjadala ambao tumeusikia tangu zama za Rais Kikwete, aliyelaumiwa kwa kusafiri mno, ukaendelea zama za Rais Magufuli, ambaye mara tu alipokamata madaraka mwaka 2015 aliwafungia watumishi wa serikali safari za nje ila kwa idhini ya Ikulu, na yeye mwenyewe mpaka alipofariki mwaka 2021 hakuwahi, akiwa Rais, kutoka nje ya bara la Afrika. Kisha ukageuka tena zama hizi za Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa visiwa hivi hivi vyetu, aliyekwenda Marekani mwezi wa Aprili 2022 na Oman mwezi wa Juni mwaka huo huo. Wako wasemao kwamba fedha ya raia inateketea kwa tiketi na masurufu na posho za msafara, na wako wajibuo kwamba ajifungiaye ndani hapati mgeni wala mkopo. Hoja zote mbili zina ukweli wake, na zote mbili, kwa maoni yangu, zinapita kando ya jambo lenyewe. Nauli, iwe kubwa namna gani, hulipwa mara moja ikaisha, lakini waraka uliotiwa saini ugenini huweza kuwafunga watu ambao siku ile hawajazaliwa bado. Kwa hiyo mimi, nikisikia kwamba mkubwa amesafiri, siulizi amefuatana na watu wangapi. Nauliza amekwenda kwa idhini ya nani, ametia mkono wake katika hati gani, na akirudi atamsomea nani hati hiyo.

Na sababu ya kuuliza hivyo haikutoka mbali, kwani safari iliyokuwa nzito kuliko zote katika taarikh ya mwambao huu ilifanywa na Mpemba.

Lakini kabla ya kumfikia huyo, haifai kumruka Sayyid Barghash bin Said, aliyekwenda Uingereza mwaka 1875, miaka miwili baada ya kulazimishwa kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini. Alipokewa kwa taadhima kubwa. Malkia Victoria alionana naye Windsor, akatembezwa katika viwanda na bandari, akaonyeshwa kila chenye kung'aa, na katibu wake Zahir bin Said akayaandika yote hayo kwa Kiarabu, yakapigwa chapa London mwaka 1878 yakawa kitabu. Sisi tunapenda kuisimulia safari hiyo kwa sababu ya vitu vilivyofuata: maji ya chemchemi yakaletwa mjini Unguja kwa mabomba, meli za moshi zikanunuliwa, na mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib. Yale ambayo hatuyasimulii ni kwamba katika safari hiyo hiyo, mwezi wa Julai, aliwekewa mbele yake nyongeza ya ule mkataba wa 1873 naye akaitia saini. Na kwamba haukupita muda mrefu tangu arejee kwa njia ya Misri, majeshi ya Khedive wa Misri yakashuka Barawa na Kisimayu, katika milki yake mwenyewe, asiweze kuyatoa ila kwa Waingereza kuingia kati. Mgeni hukirimiwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika kalamu. Hata hivyo Barghash alikuwa mwenye mali yake. Hakuwakilisha raia wala raia hawakumpigia kura, na akipoteza alipoteza chake.

Hali ya Mohamed Shamte Hamadi ilikuwa nyingine kabisa. Huyu alikuwa Mpemba, mtu wa elimu aliyewahi kufundisha skuli, akaingia katika siasa akaongoza chama cha ZPPP, yaani chama cha watu wa Unguja na Pemba kilichozaliwa mwaka 1959 kwa mfarakano ndani ya chama cha Afro-Shirazi (ASP) na ambacho mizizi yake ilikuwa huku kwetu. Hakikuwa chama kikubwa. Katika uchaguzi wa Juni 1961, ule uliomwaga damu Unguja wakafa watu 68, ASP ilipata viti 10, mpinzani wake chama cha ZNP viti 10, na ZPPP viti 3, vyote vya Pemba. Na kwa viti hivyo vitatu, kwa kuungana na ZNP, Shamte akawa Waziri Kiongozi, kwa kuwa kila upande ulimhitaji na hapana upande uliomwogopa. Mwezi wa Juni 1963 serikali ya ndani ilipopatikana, cheo chake kikageuka kuwa Waziri Mkuu, na katika uchaguzi wa mwezi uliofuata muungano wake ukapata viti 18 katika 31, ingawa ASP peke yake ilikuwa imekusanya takriban asilimia 54 ya kura zote. Naomba msikilizaji aishike hesabu hiyo vizuri. Mtu aliyepanda ndege kwenda London mwezi wa Septemba 1963 alikuwa na viti vya kutosha kutawala, lakini nyuma yake alikuwa na chini ya nusu ya wapiga kura.

Hiyo haikuwa safari yake ya kwanza. Alikwisha kwenda kwa mkutano wa katiba wa mwezi wa Machi 1962 katika jumba la Lancaster House, jumba la fahari lililo karibu na kasri la mfalme, ambamo Waingereza waliwaketisha watu wa makoloni yao mmoja baada ya mwengine kuwapa uhuru. Na mkutano ule ulivunjika mwezi wa Aprili bila ya maafikiano, kwa kuwa vyama vyetu havikupatana juu ya idadi ya viti na wakati wa uchaguzi. Safari ya pili ilikuwa nyepesi. Mkutano ulianza tarehe 20 Septemba 1963, na kwa siku chache tu ikakubaliwa kwamba Zanzibar ipate uhuru tarehe 10 Disemba. Huku nyumbani watu waliisikia khabari hiyo katika Sauti ya Unguja, na waliofurahi walifurahi, na walionuna wakanuna.

Khabari iliyosikika kidogo ni ile iliyofuata. Shamte hakupanda ndege kurudi. Alibaki London, kwa sababu katika mji ule ule, kuanzia tarehe 25 Septemba, ulikuwa umefunguliwa mkutano wa uhuru wa Kenya, na ndani ya mkutano huo lilikuwamo jambo moja ambalo halikuweza kumalizwa bila ya Zanzibar, nalo ni Mwambao.

Vijana wanaotusikiliza huenda wasijue kwamba Mombasa, Malindi na Lamu hazikuwa, kwa sheria, sehemu ya koloni la Kenya hata siku moja. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakaipima milki ya Barghash kama mtu apimavyo nguo ya marehemu, wakamwachia ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu, kisha sehemu ya kusini Wajerumani wakainunua mwaka 1890 kwa marka milioni 4, na sehemu ya kaskazini, kuanzia mlango wa mto Umba mpaka Kipini pamoja na visiwa vya Lamu, ikakodishwa kwa Waingereza kwa mkataba wa tarehe 14 Disemba 1895, zama za Sayyid Hamed bin Thuwaini, kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Kuanzia hapo Mwingereza alitawala, akakusanya ushuru, akajenga reli, lakini bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Mombasa, na kadhi akaendelea kuhukumu, na watu wa pwani wakaendelea kujihesabu kuwa raia wa Sayyid. Ulikuwa utawala wa jina, naam, lakini jina likikaa miaka 68 huota mizizi katika nyoyo za watu.

Sasa uhuru wa Kenya ulipokaribia, watu wa Mwambao waligawanyika. Walikuwako waliotaka wajitawale wenyewe, na waliotaka kuungana na Zanzibar, na walikuwako wengi, khasa miongoni mwa Mijikenda, walioona kwamba kurejea chini ya Sultani ni kurejea chini ya utumwa wa zamani, na mwanasiasa Ronald Ngala akawasemea kwa nguvu. Waingereza walimtuma Sir James Robertson kusikiliza, naye katika ripoti yake ya mwaka 1961 akashauri Mwambao uunganishwe na Kenya. Hivyo walisikilizwa, lakini kusikilizwa na mjumbe ni jambo moja, na kupiga kura ni jambo jengine, na kura ya maoni juu ya mustakabali wa Mwambao haikupigwa Mombasa wala Lamu, Unguja wala Pemba.

Basi tarehe 5 Oktoba 1963, Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua. Ukilitazama jambo hili kwa utulivu utaona ajabu yake. Mawaziri wakuu wawili, ambao nchi zao zilikuwa hazijapata uhuru, wamo katika mji mkuu wa dola iliyowatawala wote wawili, wanaandikiana barua kana kwamba bahari iko kati yao, na ukumbi ni huo huo mmoja. Siku tatu baadaye, tarehe 8 Oktoba, ukatiwa saini mkataba, Waingereza wakiwakilishwa na waziri wao Duncan Sandys, kwamba siku Kenya itakapopata uhuru, ukanda ule utakuwa sehemu ya Kenya, na milki ya Sultani juu yake imekwisha.

Katika barua yake Kenyatta aliahidi mambo matano. Aliahidi uhuru wa dini na hifadhi ya misikiti. Aliahidi kwamba mahakama za kadhi zitabaki na kuhukumu baina ya Waislamu katika ndoa, talaka na mirathi. Aliahidi kwamba katika sehemu zenye Waislamu wengi, maofisa wa utawala watakuwa Waislamu, kadiri itakavyowezekana. Na kwamba watoto wa Kiislamu wataendelea kufundishwa Kiarabu, nayo kadiri itakavyowezekana. Na mwisho, kwamba hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kuandikishwa zitatambuliwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwani watu wengi wanaomlaani Shamte hawajapata kuyasoma mambo hayo, na wengi wanaomtetea hawajapata kuyapima. Mimi simlaani kwa kutia saini. Angefanya nini? Hakuwa na jeshi hata la kulinda mji wake mwenyewe, kama ilivyodhihirika baadaye. Mwingereza alikwisha kuamua. Kenya ilikuwa kubwa na yeye mdogo. Na bandari ya Mombasa, iliyojengwa kwa kulisha Nairobi na Uganda, isingeachwa mikononi mwa serikali ya visiwa viwili vinavyoishi kwa karafuu. Aliyedai Mombasa wakati ule alidai mwezi. Kwa hiyo kupata ahadi tano kwa maandishi, pahala pa kutopata chochote, ilikuwa kazi ya mwalimu hodari. Lakini alikosea, kwa rai yangu, katika namna ya kuzipokea ahadi zenyewe. Ahadi iliyofungwa na neno la "kadiri itakavyowezekana" humwacha aliyeitoa awe yeye mwenyewe hakimu wa kuamua yapi yamewezekana, na watu wa pwani mpaka leo wanalalamika kwamba katika maofisa na katika masomo hayakuwezekana mengi. Ahadi ya kadhi haikuwekewa sharti hilo, na fauka ya hayo iliingizwa katika katiba ya Kenya. Na hiyo ndiyo iliyosimama. Na ile ya ardhi, maskini, iliwalinda wenye hati, ikawaacha maelfu ya watu wa pwani waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao katika ardhi ambayo hawakuwa na karatasi yake. Kadhia ya maskwota wa pwani haikuanzia London, lakini London ilikuwa nafasi ya kuitaja, wala haikutajwa.

Na kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, ni kwamba jambo la ukubwa huo lilikuja mwishoni mwa safari iliyokuwa na dhamira nyingine. Watu waliagana naye wakijua anakwenda kutafuta tarehe ya uhuru. Na uwakala, kwa mujibu wa fiqhi tuliyosomeshwa sote vyuoni, hautanuki wenyewe kwa kuwa wakili yuko mbali na aliyemtuma. Tena aliyemtuma hakuwa mmoja. Alikuwa Sultani Jamshid, aliyekalia kiti tarehe 1 Julai mwaka ule ule baada ya kufariki baba yake. Walikuwa wapiga kura wa Pemba waliompa viti. Na walikuwa wale watu wa Mombasa na Lamu ambao hawakumchagua lakini walikuwa wakimtazama yeye. Katika hao, asiyekuwa na kiti wala kura ndiye aliyekuwa akikatiwa kauli.

Tusidhani kwamba mambo hayo ni ya wakoloni na masultani tu. Mwaka 2022, baada ya mkubwa wa nchi yetu kuzuru Dubai mwezi wa Februari, mazungumzo ya bandari yalizaa mkataba baina ya Tanzania na Dubai uliotiwa saini mwezi wa Oktoba, na raia wa kawaida akaja kuujua vyema mwezi wa Juni 2023 tu, ulipofikishwa Bungeni ukaridhiwa tarehe 10, na hapo ndipo nchi nzima ilipopiga kelele, kwa upande huu na upande ule. Sitaki leo kuamua baina ya wagombanao juu ya mkataba ule. Ninachosema ni kwamba kelele hizo, ijapokuwa zilichelewa, ziliwezekana kwa sababu katiba inalitaka Bunge liijadili na kuiridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Na mimi napendelea nchi yenye kelele zilizochelewa kuliko nchi yenye mapokezi ya ngoma uwanjani na waraka mfukoni.

Turudi kwa Shamte. Tarehe 10 Disemba 1963 Zanzibar ikawa huru, bendera yake nyekundu ikiwa na duara la kijani ndani yake karafuu mbili, moja ya Unguja na moja ya Pemba. Tarehe 12 Kenya ikawa huru, na Mwambao pamoja nayo, na bendera ya Sultani ikatoka juu ya Ngome ya Mombasa. Tarehe 16 Zanzibar na Kenya zikaingia Umoja wa Mataifa siku moja, dola mbili zilizo sawa. Na tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Shamte ikapinduliwa, ikiwa imeishi katika uhuru wake siku 33. Yeye na mawaziri wenzake walikamatwa. Sultani aliingia katika meli Seyyid Khalifa akaelekea kaskazini, Mombasa, bandari ambayo kwa miaka yote ile ilikuwa yake kwa jina, na ambayo miezi mitatu tu nyuma ilikuwa imetolewa kwa niaba yake. Serikali ya Kenya ikamkatalia kushuka, meli ikageuza, ikaenda Dar es Salaam, na kutoka huko akapelekwa Uingereza. Katika zile ahadi tano hapakuwa na neno hata moja juu ya mwenye milki mwenyewe.

Barua ile, ajabu, imeishi kuliko serikali zote zilizoiandika. Mwaka 2010 Kenya ilipokuwa ikitunga katiba mpya, mahakama za kadhi zikawa fitina kubwa. Makanisa mengi yakapinga zisiingizwe, na mwezi wa Mei Mahakama Kuu ya Nairobi ikatoa hukumu dhidi yake. Na Waislamu wa pwani, katika kujitetea, wakaitoa kabatini barua ya tarehe 5 Oktoba 1963, na jina la Mpemba yule likatajwa tena na watu ambao hawangeweza kuionyesha Pemba katika ramani. Tarehe 4 Agosti Wakenya wakapiga kura, katiba ikapita kwa takriban theluthi mbili, na kadhi akabaki katika ibara ya 170. Na siku nne tu kabla ya hapo, tarehe 31 Julai, sisi huku tulikuwa tumepanga foleni kuanzia alfajiri kupiga kura yetu ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, na sisi pia tukasema ndiyo kwa takriban theluthi mbili. Yale yaliyoamuliwa na watu wawili kwa barua, watu wa Mombasa walikuja kuulizwa baada ya miaka 47, tena sehemu yake moja tu.

Mintarafu ya zile pauni 11,000 za kodi, nani alizila na zilikwenda wapi, hayo ni mazungumzo ya peke yake, na inshallah tutayafungua juma lijalo, wakati kama huu.